Jina Ambalo Mtaa Haulijui

Mtaa mzima wa Shanwe unamwita Mama Agape. Theopista ni jina la cheti cha ubatizo tu. Kwingine kote amevaa jina la mzaliwa wake wa kwanza, tena kwa fahari. Ndiyo maana Agape alipomwekea intaneti ya nyumbani, neno la siri halikumsumbua Theopista kichwa. Aliandika mamaagape, akaenda kusonga ugali.

Mwezi huu fahari hiyo ilimtokea puani. Mumewe, Osward, alivunjika nyonga akapelekwa Mwanza, Agape akaenda kumuuguza. Kila Jumapili walipigiana simu ya video. Osward alisema sasa anatembea, lakini kila alipoanza kuinuka, picha iliganda. Jumapili tatu mfululizo Theopista alimwona mumewe amekunja uso, nusu kaketi, nusu kasimama, basi. Akaanza kuamini wanamficha, kwamba mtu wake hatainuka tena. Chakula kikawa hakipiti.

Jumapili ya nne alimwita Zefania, fundi simu wa Majengo. Zefania alimwamkia mlangoni kwa jina la Mama Agape, akatoa simu yake, akaandika jina lilelile, akawa ndani ya mtandao kabla hajapewa kiti. Kisha akamwonyesha orodha ya waliomo: simu kumi na nane. Theopista ana moja.

Hapo akaelewa kwa nini vijana wanaupenda sana ukuta wake, na kwa nini wateja wa saluni ya jirani hawaishi kusukwa. Na yeye, masikini, alidhani anapendwa.

"Mama, mtaa mzima unakusalimia kwa paswedi yako," Zefania alisema. "Weka neno refu ambalo hapa hakuna anayelijua."

Theopista alifikiri, akaona haya, akamwambia fundi atazame pembeni. Akaandika polepole. Zefania naye akabadilisha neno la kiwandani la kufungulia mipangilio ya ruta, kile kisanduku cha intaneti, na wageni wote wakatoka.

Alasiri alipiga Mwanza. Osward akashika magongo, akainuka, na picha haikuganda. Alitembea hadi dirishani, akarudi. Theopista alilia bila kujificha. Alikuwa amefurahi kupita kiasi.

"Umeniona, kamgebuka kangu?" Osward aliita kwa sauti yake yote, kwa jina la samaki wa Ziwa Tanganyika alilompa kule Karema alipomposa.

Theopista alichungulia dirishani. Kule ukutani vijana walikuwa wakitikisa simu zao. Akaisogeza yake mdomoni.

"Liite polepole, Baba Agape. Hao nje wakilisikia, sitakuona tena ukitembea."