Shikamoo ya Juu ya Mti

Miaka ya tisini, Mmarekani mmoja niliyefanya naye kazi alinipeleka kuwinda nje ya Anoka, mji wa kaskazini mwa Marekani. Alinipandisha mtini, kwenye kiti chepesi cha alumini kilichofungwa shinani kwa mkanda, akanikabidhi bunduki na kuniacha. Baridi ilikuwa kali hata kope zikashikana. Nikajilaani kwa kukubali upuuzi ule.

Ndipo dume la kulungu likatokea chini yangu, kubwa ajabu, theluji mgongoni, pembe zimetanda kama matawi. Neno likanitoka lenyewe: “Shikamoo.”

Likainua kichwa, likanitazama, likapumua mvuke mzito, kisha likaondoka taratibu.

Mwenzangu alikuja akifoka, mbona sikufyatua? Nilikosa Kiingereza cha kumweleza kwamba mzee akishakuitikia marahaba, humpigi risasi.