Jiwe la Profesa Kuzimu

Wanafunzi walimpachika jina la Profesa Kuzimu, na mwenyewe alilijua na lilimfurahisha. Maisha yake yote alizungumzia yaliyo chini: mabamba ya miamba yanayobeba mabara na kusukumana polepole kama watu kwenye foleni, volkano na moto wake, na kule ndani kabisa ya dunia ambako hakuna binadamu atakayefika. Mkewe alimtania kwamba ya chini ya ardhi anayajua yote, ila sukari ya jikoni kwake hajui inakaa wapi.

Jambo moja tu hakuligusa: baba yake. Marehemu alikuwa mhunzi. Shuleni wenzake walimwita mtoto wa masizi, likamchoma, na tangu aingie chuo kikuu, akiulizwa alijibu kwamba mzee alikuwa mfanyabiashara. Biashara gani, hakusema.

Sifa zake zote zilitokana na jiwe moja. Aliliokota mwenyewe kwenye korongo, ubavuni mwa mlima wa volkano. Jeusi, zito, lina vitone vya chuma kitupu ndani yake. Chuma kitupu hakipatikani hivihivi kwenye lava, kwa hiyo Profesa akaona hili lazima lilipanda kutoka kina kirefu mno, ambako oksijeni ya kukitia kutu ni haba. Akaandika, akasifiwa, akaalikwa huku na huko. Akampa mwanafunzi wake bora, binti mmoja mpole, jiwe hilohilo alisomee shahada ya uzamivu. Siku ya kisa hiki, ilibaki siku moja tu binti huyo asimame mbele ya watahini kuitetea tasnifu yake.

Mchana huo Profesa aliingia maabara akate kipande kingine cha kuwaonyesha wageni wa kesho. Alikikata kwa msumeno, akakisugua hadi kikang'aa, akakiweka chini ya hadubini. Ndani ya kitundu kimoja kulikuwa na kitu cheusi. Akakuza. Kilikuwa kipande cha mkaa, na nyuzi za mti bado zinaonekana.

Hebu fikiri. Huko chini alikokuhubiri miaka yote, miti inaota wapi?

Alikaa kwenye kiti. Hapakuwa na haja ya kumuuliza mtu. Jiwe lile lilikuwa mavi ya chuma, yale yanayobaki kwenye tanuri la mkaa la mhunzi na kutupwa. Kumbe zamani wahunzi walifanya kazi korongoni kule. Utotoni aliyakanyaga mavi kama hayo kila alipompelekea baba yake maji ya kunywa penye tanuri lake, yakamkata wayo, na kovu analo hadi leo. Mtu mzima na ndevu zake, kalishika jiwe mkononi asilitambue, kwa sababu mambo ya masizi alishaamua kwamba hayajui. Aibu ilimshika hadi akavua miwani.

Wazo lililomjia kwanza lilikuwa baya, na nitalisema: akitupe kile kipande. Nani angejua? Binti angefaulu, na yeye angestaafu na heshima zake. Akalitazama pipa la taka, akalitazama tena. Kisha kwenye kioo cha mlango akamwona binti yuko peke yake kwenye korido, anarudia maneno ya kesho, midomo inacheza. Akamwita.

"Mwanangu, kaa. Nimekuponza," alisema. "Jiwe letu ni mavi ya chuma. Njoo utazame."

Binti hakuisogelea hadubini. Alikuwa akitazama mikono yake.

"Najua, Profesa."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Kipande changu nacho kina mkaa."

"Na ukanyamaza?"

"Sikunyamaza. Kwenye semina nilisema pengine tulichunguze upya. Ukaniuliza mbele ya watu wote kama nimekuja kusoma au kukusahihisha. Watu wakacheka." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Profesa zaidi. "Nikaona nisikuvunjie heshima tena."

Profesa aliikumbuka siku hiyo. Alikumbuka kwamba naye alicheka.

"Kwa hiyo kesho ungesimama useme nini?"

"Ningesema uliyonifundisha."

Kukosea kuhusu jiwe ni aibu, lakini inavumilika. Wasomi hukosea kila siku. Hii ya kumfundisha mtoto wa watu kuficha anachokijua ili asichekwe, hii hakujua aiweke wapi. Maana kuficha ndiyo kazi aliyoifanya yeye mwenyewe tangu ujana.

Wakaongozana hadi kwa mkuu wa idara, rafiki yake wa miaka mingi. Profesa akaliweka jiwe mezani, akaeleza yote, akaomba utetezi uahirishwe na kosa liandikwe kwa jina lake peke yake, kwa kuwa binti alimwonya naye akamcheka.

"Usiwe na haraka," mkuu alisema. "Tuwape na wengine walipime. Uhakika wote huo umeupata wapi?"

"Marehemu baba yangu alikuwa mhunzi."

Mkuu akamkodolea macho. "Si ulituambia alikuwa mfanyabiashara?"

"Niliwaambia."

Binti akainua macho, kwa mara ya kwanza mchana ule, akamtazama mwalimu wake. Profesa ndiye aliyeinamisha yake.