Kiti cha Mbele cha Lomorukai

Akoru aliacha kuamini maneno ya watu kuhusu mkojo miaka mingi kabla hajaanza kuosha viti vya magari. Kwa miaka tisa alifua mashuka katika hospitali moja ya Lodwar, na huko akajifunza kwamba mtu mzima anaweza kukiri ugomvi, ulevi, hata mke wa pili, lakini doa la mkojo atamsukumia mtoto. Kama mtoto hayupo, atasema ni chai.

Kazi ya hospitali ilipokwisha alisimamisha kibanda cha mabati karibu na laga ya Kawalase, ule mkondo wa mto mkavu, akatafuta pampu na mapipa mawili, akawa mwoshaji wa magari. Waoshaji walikuwa wengi. Akoru akachukua kazi ambayo wengine waliiona haramu: viti vilivyotapikiwa, vilivyomwagikiwa maziwa, vilivyokojolewa. Watu wakaanza kuelekezana, wakimwita kwa jina la mtoto wake. Ukiwa na gari linalonuka, mtafute Mama Atiir kule kwenye laga.

Lomorukai alimjia mara ya kwanza mwezi wa Januari. Alikuwa mzee wa miaka sitini hivi, mrefu, mtu wa Nakalale aliyehamia Kakuma zamani, na Probox yake nyeupe ilibeba abiria kati ya Kakuma na Lodwar. Aliiegesha mbali na magari mengine, akashuka polepole.

"Ejoka, Mama Atiir."

"Ejok. Gari lina shida gani?"

"Hiki kiti cha mbele, cha abiria. Mjukuu wangu alilala hapo, akajikojolea."

Akoru akainama, akanusa. Pua yake ilikuwa imesoma hospitalini. Mkojo wa mtoto mdogo ni mwepesi, unaondoka ukiuwahi. Huu ulikuwa mzito, umekaa juu ya mwingine wa zamani. Alikandamiza kitambaa kikavu bila kusugua, maana ukisugua unausukuma mkojo ndani ya sponji. Akafuatisha maji baridi, kwa kuwa ya moto huipika harufu ikang'ang'ania humo humo. Kisha siki na maji, nusu kwa nusu, akaiacha inywewe. Mwisho akanyunyiza magadi yale ya kuokea, akauweka mto wa kiti juani. Jua la Lodwar halichelewi. Saa sita alikung'uta unga ule, mto ukawa haunuki chochote.

Muda huo wote Lomorukai alikaa kivulini na koo limemkauka mpaka midomo ikapasuka. Akoru akamletea chai, akakataa. Akamletea maji, akakataa pia.

"Umefunga?" akamuuliza.

"Sina kiu," akasema, akitazama upande mwingine.

Baada ya wiki mbili alirudi. Kiti ni kile kile. Safari hii alisema amebeba mwana-mbuzi wa rafiki yake kutoka Kaaleng. Akoru alikuwa amezaliwa zizini. Harufu ya mbuzi angeijua hata akiwa amelala, na kwenye kiti kile mbuzi hakuwepo, wala unywele mmoja haukuwepo. Mara ya tatu ilikuwa ni mama mzee aliyetoka kliniki. Mara ya nne Lomorukai hakutoa sababu, alisema tu, "Ni kile kile," akaenda kukaa kivulini.

Ndipo Akoru alipoanza kuangalia vizuri. Boliti za kiti zilikuwa na mikwaruzo mipya, kama kimefunguliwa juzi tu. Kiti cha dereva kilikuwa kimevishwa plastiki nzito iliyofungwa kwa kamba. Na ule mto aliokuwa akiuosha ulikuwa umechakaa ukingo wa kulia, huku wa kushoto ukiwa mzima. Abiria wa mbele hupandia na kushukia kushoto. Kwa nini basi upande unaoliwa na matako ya watu uwe ule wa ndani, wa karibu na gia? Mto huu, akajiambia, si wa mahali hapa. Umetoka kwingine. Mtu habadilishi viti vya gari bila jambo.

Wiki hiyo akaja Nyaruach, mfanyabiashara kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma aliyefika Lodwar kila Jumanne kuchukua samaki wakavu wa Kalokol. Alipenda kupumzika kwenye mabati ya Akoru akingoja gari lijae.

"Kule kwetu watu hawalali," akasema. "Mtoto wa jirani yangu Adhar amepotea. Kuany, wa miaka mitano. Leo siku ya nne."

"Alionekana wapi mwisho?"

"Karibu na barabara. Pale magari yanapakia watu."

Akoru akaacha kukamua kitambaa. "Wewe husafiri na gari gani?"

"La mzee Lomorukai. Ni mtu wa taratibu, hakimbizi gari. Lakini siku hizi anasimama sana njiani. Anaingia kichakani, anakaa, anarudi. Ukimuuliza anakasirika."

Nyaruach aliyasema hayo bila kuyafikiria, akaondoka na magunia yake. Akoru akabaki nayo. Aliyapanga jioni nzima: kiti kinachofunguliwa, mjukuu aliyegeuka mbuzi, vichaka, na mtoto wa watu aliyepotea kando ya barabara. Kila alipolipinga wazo lile, lilirudi likiwa limenona.

Lomorukai alipokuja tena alimtega.

"Mzee, huyo mjukuu wako anaitwaje?"

Mkono wa Lomorukai ukasimama juu ya mlango. "Yupi?"

"Yule aliyekojoa kiti."

"Wako wengi," akasema. "Wewe osha kiti, mama. Maswali ya nini?"

Kesho yake asubuhi Akoru alijifunga leso, akaenda steji kumwona Ekeno, mwenyekiti wa madereva, mtu wa sauti kubwa aliyependa kuonekana anafanya kazi. Hakumwambia kwamba Lomorukai ameiba mtoto. Baadaye alijikumbusha hilo mara nyingi, kwamba hakusema. Alisema tu, "Liangalieni gari lile. Kuna kitu mzee anaficha, na kiko kwenye viti."

"Kitu gani?"

"Mimi sijui. Lakini nimeosha mkojo mara tano, na kila mara una mwenyewe mwingine. Na kule Kakuma mtoto amepotea."

Ekeno akamtazama, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa alichokuwa anakitafuta.

Yaliyofuata Akoru hakuyaona. Aliyasikia kwa Nyaruach, ambaye Jumanne iliyofuata alikuja moja kwa moja na hakukaa.

Madereva walimzingira Lomorukai kwenye steji, abiria wakiwa wameshaketi ndani. Ekeno alimwamuru ashuke, akawashusha na abiria. Wakafungua boliti, wakauinua mto wa mbele, wakakata kamba za ile plastiki ya kiti cha dereva. Watu wakajaa. Mmoja akapaza sauti kwamba huyu ndiye mwizi wa watoto, mwingine akaokota jiwe. Chini ya kiti cha dereva wakakuta mfuko mweusi. Ekeno akaumwaga chini mbele ya wote: suruali mbili za rangi moja na ile aliyovaa mzee, chupa yenye mdomo mpana, kadi ya kliniki, na nepi za watu wazima.

"Alizinyanyua nepi juu," Nyaruach akasema. "Akauliza ni za nani. Watu walikuwa wanacheka. Mzee akasema, ni zangu. Akaziokota moja moja, akazifuta mchanga, akazirudisha ndani ya mfuko."

Akoru akakaa juu ya ndoo.

"Abiria walihamia magari mengine. Mimi, niliyekuwa nimerudia samaki siku hiyo, nilipanda naye. Sikumuuliza kitu mpaka Kakuma." Nyaruach akarekebisha gunia lake begani. "Na yule mtoto amepatikana. Alichukuliwa na shangazi yake, wakaenda Kalokol kwa samaki, shangazi alikuwa amemwachia mtu ujumbe wa mama, naye hakuufikisha. Sasa niambie wewe. Ekeno anasema habari aliletewa na mwanamke anayeosha viti."

"Ni mimi," Akoru akasema.

Nyaruach hakumtukana. Alikwenda kungojea gari mahali pengine.

Basi ule ukingo uliochakaa ukajieleza wenyewe. Dereva hushukia kulia. Kila safari Lomorukai alikuwa akiufungua mto wake mwenyewe, akiuhamishia upande wa abiria kabla ya kufika kwenye laga, ili aibu isikae mahali anapokaa yeye. Na chai na maji aliyakataa katika joto lile asije akajikojolea tena. Akoru aliyekuwa amefua mashuka ya wazee miaka tisa alikuwa ameyaona yote, akayasoma kinyume.

Siku mbili alijaribu kufanya kazi, haikufanyika. Siku ya tatu alifunga mabati, akapanda gari kwenda Kakuma. Nyumba ya Lomorukai aliielekezwa bila taabu. Alipotaja jina, aliyeulizwa alitabasamu vibaya. Probox ilikuwa imesimama uani, vumbi limeikalia kioo. Mzee alikuwa kwenye kiti cha kamba kilichotandikwa gunia.

"Ejoka, mzee."

Mzee akaonyesha kigoda kwa kidevu.

"Nimekuja kusema ni mimi niliyekwenda kwa Ekeno."

"Nilijua. Nani mwingine alikuwa ananiuliza majina ya wajukuu?"

"Nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Wenye mawe walikisema." Akaendelea bila kumtazama. "Ilianza mwaka jana. Mkojo unakuja wenyewe, halafu ukiutaka hauji. Daktari anasema kuna kitu kimevimba, kitakatwa. Nimepewa tarehe, nikaiacha ipite. Niliogopa. Nani atapanda gari la dereva anayejikojolea?"

"Watu wanaugua, mzee. Hospitalini niliona wengi, wadogo kuliko wewe."

"Basi ungenifikiria mimi ni mmoja wao kabla hujanifikiria mwizi."

Akoru alifungua mfuko wake, akatoa mpira mwekundu wa kutandika vitanda vya wagonjwa, aliokuwa ameukata na kuushona kwa kipimo cha mto wa Probox, na juu yake kitambaa kinachofulika. Akamweleza jinsi unavyofungwa kwa chini, usionekane. Lomorukai aliupokea, akaupindua, akaukagua mishono hata ndani ya pindo, kama mtu anayetafuta kilichofichwa.

"Ekeno ndiye aliyekutuma?"

"Hapana."

"Ulimwambia unakuja?"

"Sijamwambia mtu."

Aliuweka mpira chini, kando ya mguu wake. Akoru alipoinuka kuaga, mzee hakumsindikiza.

Mwezi ukapita. Ekeno aliwaambia watu kwamba yeye alitimiza wajibu tu, na jambo likazoeleka. Akoru alikwenda steji siku moja, akasimama mbele ya madereva, akasema kwamba alikosea na kwamba mzee hana hatia. Walimsikiliza huku wakiangalia simu zao. Nyaruach ndiye aliyemletea habari kwamba Lomorukai amepewa tarehe nyingine, na kwamba safari hii mkewe ameikariri.

Kisha asubuhi moja Probox ikaingia kwenye laga, ikaegeshwa mbali kama kawaida. Lomorukai akafungua mwenyewe mto wa kiti cha dereva, ukiwa umevishwa ule mpira mwekundu, akauleta mikononi, akauweka mbele ya Akoru.

"Pembeni mkojo umepenya kidogo," akasema. "Mshono mmoja umeachia."

"Nitaushona upya. Acha gari, rudi mchana."

"Siachi gari. Na simu yako iweke hapo, nione."

Akoru akaiweka simu juu ya pipa. Mzee akavuta kigoda mpaka karibu naye kabisa, funguo zikiwa mkononi, akakaa akimtazama vidole. Mwenye duka la jirani alipopita akasalimia, Lomorukai alimgeukia Akoru kwanza, kuona uso wake unafanya nini. Uso haukufanya kitu. Akoru alikandamiza kitambaa, akamimina maji baridi, akapima siki. Alipomaliza aliushona mpira, akamrudishia mto. Lomorukai aliunusa, akapitisha mkono chini yake, akaurudisha garini, akazihesabu boliti nne, akazikaza mwenyewe.

"Utarudi?" Akoru akamuuliza.

"Nitaona," akasema, akafunga mlango na kushika barabara ya Kakuma.