Mzee wa Kwenye Picha ya Bi Odile

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, kwa sababu hili lilinifika mimi mwenyewe, hapa London, Thornton Heath, saa tisa mchana, na wala sikuwa na homa.

Nilikuwa namhudumia bibi mmoja wa Kibelgiji, Bi Odile, umri wake umepita tisini, hana mume wala mtoto. Mimi Mzanzibari. Tulihama baada ya mapinduzi. Uzeeni mama akarudi Unguja, akafa mimi niko huku kazini, hakuna aliyemshika mkono. Kwa hiyo Bi Odile aliponiomba, "Usiniache nife peke yangu," nilimwahidi, na niliahidi kweli.

Chumbani kwake ilitundikwa picha kubwa ya rangi za mafuta, ya babu wa babu yake, iliyochorwa kwao Ubelgiji zaidi ya miaka mia nyuma. Nami nilikuwa nasali chumba kile kile. Kusali mbele ya sura ya mtu siwezi, basi kila sala naifunika kwa kanga. Hata nikipangusa vumbi, napangusa fremu tu, macho pembeni. Miaka miwili, uso wake sikuutazama hata mara moja. Bi Odile akinitania, "Babu yangu unamwonea haya?"

Siku hiyo tulikuwa tunamngoja mpwa wake kutoka Brussels, ambaye sijawahi kumwona. Nikasali alasiri, kanga sikuiondoa pichani, nikamwacha bibi amelala, nikashuka jikoni. Kugeuka, mzee kasimama mlangoni. Koti refu jeusi, ndevu nyeupe, kofia mkononi. Nikasema moyoni, huyu ndiye mpwa, ana ufunguo wake.

Akaniambia taratibu, "Anakuita."

Sasa mimi nimelelewa na "mgeni njoo, mwenyeji apone." Kwetu mgeni haachwi aseme shida yake akiwa amesimama. Nikamwambia akae. Nikamuuliza habari za safari, nikamuuliza watu wa nyumbani. Akarudia, "Anakuita." Nikamjibu, "Napanda sasa hivi, kunywa chai kwanza." Nikabandika maji, nikatafuta kikombe kisicho na ufa. Mara ya tatu alisema kwa sauti ya kuomba, mtu mzima vile, na mimi nimempa mgongo natafuta sukari.

Kugeuka, hayupo. Mlango wa nje ulikuwa na komeo, limefungwa kwa ndani.

Nilipanda ngazi mbio. Bi Odile alikuwa ameshakufa, mkono ameunyoosha kuelekea mlangoni, ungali na joto. Kanga yangu imeanguka chini. Ndipo nilipoinua macho, nikamtazama yule mzee wa kwenye picha. Ndiye. Niamini, ndiye, na koti lake lile lile.

Mpwa wa kweli aliingia magharibi, mnene, hana ndevu. Akanishukuru, machozi yanamtoka, kwa kukaa na shangazi yake mpaka pumzi ya mwisho. Niliitikia, na uongo ule nauonea uchungu mpaka leo.

Siku hizi mtu akinibishia hodi namkatiza hata salamu, namuuliza kwanza kilichomleta. Wanangu wananiambia, kwa Kiingereza chao, kwamba nimekuwa sina adabu kwa wageni. Waseme. Nawe unayenisikiliza, akikujia mtu na neno moja tu, liache birika, nenda. Mimi nilipewa muda wa kutosha kumshika bibi yule mkono, nikaumalizia kwenye sukari.