Ndoo ya Mchanga ya Kabula

Leo nimeumbuliwa na mwanangu mwenyewe, hapa hapa Nyarugusu.

Kabula wangu ana miaka minane. Viatu vya shule vimemchanika, lakini kila siku lazima mia mbili ya barafu. Ukimsema anajibu, "Mama, si mia mbili tu!"

Sasa mimi kazi yangu ni kuosha marudio, ule mchanga ulioachwa na wachimbaji wa dhahabu. Mwezi huu nikaweka ndoo mlangoni. Kila akinunua barafu, amwage humo kikombe kimoja cha mchanga.

Leo nikamwambia, "Haya, inyanyue."

Wapi! Kavuta weee, ndoo haisogei.

"Mama, hela zote hizi nimekula mimi?"

Nikakohoa nianze mahubiri. Mara baba yake akaingia na soda mkononi.

"Shikamoo baba. Hiyo soda bei gani?"

"Marahaba. Elfu moja."

Jamani! Mtoto kachota vikombe vitano, kamwaga vyote, mchanga ukafurika hadi sakafuni. Nikacheka mpaka machozi.

Kabula akanigeukia.

"Mama, na bando lako la kila siku?"

Nikaisukumia simu chini ya kanga.

"Mama Kabula," mume wangu akasema taratibu, "lete ndoo nyingine."

Basi kuanzia kesho, hela ya barafu, ya soda na ya bando inaingia kwenye kopo la viatu. Mshika kopo ni Kabula. Sisi wawili hatuaminiki.

Nyie mnaocheka huko, bando mnalosomea hapa ni vikombe vingapi?