Mtia Majina

Mwalimu wa dini alijua kwamba ana kitambi, kwamba sauti yake haifai kasida na kwamba viatu vyake vinalia akitembea. Hayo yote aliyakubali. Jambo moja tu hakuwahi kulitilia shaka: ucheshi wake. Katika madarasa yake kila mtoto alikuwa na jina la utani, na yote aliyatia yeye. Mrefu aliitwa Mlingoti, msinziaji aliitwa Mto, na binti mmoja wa darasa la sita, mwenye kigugumizi, aliitwa Gia.

Hilo la Gia lilizaliwa siku binti alipokuwa akisoma kwa sauti, akakwama kwenye neno. Wenzake walinyamaza kwa adabu. Mwalimu, ambaye ukimya ulimkera kuliko dhambi ndogondogo, akasema, "Msiwe na haraka jamani, anatafuta gia." Watoto walicheka mpaka wakashika matumbo. Alirudi nyumbani kichwa kimemvimba, akamsimulia mkewe. Mkewe, fundi cherehani, alisimamisha mashine.

"Na yeye alicheka?"

"Darasa zima lilicheka, mke wangu."

"Nimeuliza yeye."

Mwalimu hakuwa ameangalia. Aliona mkewe hajui utani, akaomba chai.

Basi mambo yakaota mizizi. Binti akifungua kinywa tu, viti vya nyuma vinanguruma kama injini. Kwenye foleni ya maji wanampigia honi. Akaacha kuuliza maswali, akaacha kusoma kwa sauti, mwisho akawa anakula peke yake nyuma ya stoo. Ndipo mama yake, muuguzi, alipoingia ofisini kwa mwalimu mkuu akiwa bado na sare ya kazi.

"Mwanangu alikuwa ananisomea Kurani kila jioni, na kigugumizi chake hichohicho," alisema. "Sasa hataki kusema hata salamu. Kama hamuwezi kulikomesha hili, namtoa."

Mwalimu mkuu, mama mpole asiyerudia neno, alimwita mwalimu wa dini. "Wewe ndiye mwenye ulimi hapa. Kesho zungumza na watoto mstarini kuhusu kumkejeli binti huyu. Mama yake atakuwepo."

Mwalimu alikasirika kwelikweli. Ni watoto gani hao wasio na haya? Nyani haoni kundule, na huyu wetu alikuwa amelikalia kabisa. Usiku huo alirudia hotuba mbele ya kioo, akajikuta akilia kidogo kwa uzuri wake.

Asubuhi alipanda jukwaani. Ukweli usemwe, alizungumza vizuri. Alisoma aya, akaifafanua: Mwenyezi Mungu amekataza watu kudharauliana, kwani huenda anayedharauliwa ni bora kuliko anayedharau, akakataza pia kuitana majina ya kejeli. Akasema Muislamu ni yule ambaye wenzake wamesalimika na ulimi wake na mkono wake, na akawaonyesha kwamba ulimi umetangulia kutajwa. Akasema anayemwona mwenzake akionewa naye akacheka, amebeba fungu lake la uonevu. Hata Mto alikuwa macho. Mwalimu mkuu alifuta miwani. Hapo mwalimu akatamani kumalizia kwa jambo la kugusa moyo. Akanyoosha mkono kwa upole wote aliokuwa nao.

"Gia, mwanangu, njoo hapa mbele."

Mstari mzima uliangua kicheko. Binti aliinamisha kichwa. Mama yake alisimama, akauliza kwa sauti ya wodini, ile isiyohitaji kupazwa, "Hilo jina alimpa nani?"

Mlingoti, mtoto mkweli kwa bahati mbaya, akasema, "Mwalimu huyo."

Mwalimu alishuka jukwaani viatu vikilia, na kwa mara ya kwanza havikumchekesha. Alitamani ardhi ipasuke, ingawa alijua kwa kitambi kile ingebidi ipasuke sana.

Aliwakuta mama na binti ofisini, begi tayari mgongoni. Alikuwa na maneno mengi ya kuomba radhi, yote mazuri, akayaona yote ni hotuba nyingine. Akasema, "Nilichekesha watu, mwanangu, na kumbe ni wewe niliyekuumiza. Nisamehe. Na aibu yangu nyingine, nimezoea jina lile mpaka lako silikumbuki. Niambie."

Binti akaanza, akakwama kwenye herufi ya kwanza. Mizaha mitatu ilimjia mwalimu ulimini, maana shetani hana likizo. Aliuma meno, akangoja. Jina lilipotoka lote, alilirudia polepole.

Mama alimtazama mwanawe. "Uamuzi ni wako."

Binti alifikiri. "N-nitabaki. Ila mwalimu asini… asinitetee tena mstarini."

"Sitathubutu," alisema mwalimu, na pumzi zikamshuka. Kisha, kwa sababu kujifunza ni safari na yeye ndio kwanza anafunga viatu, akauliza, "Hebu niambie. Na mimi mna jina mlilonipa?"

Binti aliangalia chini, akajizuia kutabasamu. "L-lipo."

"Lipi?"

Akanyamaza. Mwalimu alidhani amekwama, akangoja kwa subira aliyokwisha kuanza kujisifia moyoni. Hakuwa amekwama.

"S-silisemi, mwalimu," alisema. "Si umetusomea aya?"