Dawa Ambayo Mdogo Wake Haruhusiwi Kuinywa

Saa mbili asubuhi, muuguzi anamwaga vidonge kwenye trei na kuvihesabu viwili viwili kwa kijiti. Vimebaki sita. Vilipaswa kubaki vinne.

"Mzee, umeruka siku mbili," anamwambia dereva mstaafu aliyeketi mbele yake.

"Dada Hesabu, wewe ungefaa kuwa polisi," mzee anajibu, na wote wawili wanacheka.

Jina hilo alipewa na wagonjwa. Kwa miezi kumi na minne amewahudumia watu hamsini na wanane wenye skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti wasizosikia wengine. Wanashiriki majaribio ya dawa mpya. Nusu wanapewa dawa yenyewe, nusu vidonge vitupu vinavyofanana nayo kama pacha. Nani anakunywa nini, hata yeye hajui.

Nyumbani kwake yuko mdogo wake, fundi cherehani wa miaka thelathini na moja, mwenye ugonjwa huohuo. Kwa kuhofia sumu, hali chakula mpaka dada yake aonje kwanza. Dawa za zamani zilipunguza sauti, lakini zimemwachia mikono inayotetemeka. Kutunga uzi kwenye sindano hawezi tena.

Kanuni za majaribio haziruhusu ndugu wa mfanyakazi kushiriki. Ni kanuni ya haki, na inauma.

"Wanasema mganga hajigangi. Sawa. Lakini mimi siombi dawa yangu, naomba ya mdogo wangu," anasema muuguzi.

Miezi mitatu iliyopita alitia mfukoni vidonge vinane vilivyorudishwa na wagonjwa, badala ya kuvifungia kwenye mfuko wa kuteketezwa. Alipofika getini alisimama.

"Nikajiuliza, je, kama ni vitupu? Si nitakuwa namlisha mdogo wangu uongo?"

Alirudi, akamweleza daktari mkuu kila kitu, akapewa barua ya onyo. Anasema aliona aibu kuliko siku zote za maisha yake.

Ijumaa hii anaacha kazi, ili kanuni hiyo isimzuie tena mdogo wake. Nafasi mbili zimebaki kwenye majaribio, na usajili unafungwa mwisho wa mwezi. Mdogo wake amekubali kusaini fomu mwenyewe.

Na akiangukia kwenye kundi la vidonge vitupu?

Muuguzi anafuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Basi mimi nitakuwa sina kazi, na yeye bado anaumwa. Lakini mama alipokuwa anakata roho hakunikabidhi kazi. Alinikabidhi yeye."